Kabla hujatoa hela ya mashine ya milingi iliyotumika

Mtu akinipigia simu kwamba ameona milingi inauzwa na anataka nimsindikize kuiangalia, sianzi na bei. Namuuliza kwanza: bado iko kwenye umeme? Ikiwa bado inafanya kazi, namwomba amwambie mwenye mali aiache hivyo hivyo ilivyo, na vumbi lake na machicha ya chuma mezani, mpaka tufike. Ikiwa imeshang'olewa na kusukumwa kwenye kona ya stoo, nitaenda vilevile, ila bei niliyo nayo kichwani inashuka hapo hapo. Nusu ya mambo ninayotaka kuyajua kuhusu mashine hiyo hayajulikani mpaka izunguke.

Mimi ni fundi mchongaji, karakana yangu iko Vingunguti, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni wenye mashine za kusaga na kukoboa, wenye matrekta na viwanda vidogo. Wananiletea gia iliyovunjika meno, pulei inayotaka mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachoishikisha kwenye shafti), au sproketi ambayo dukani haipo. Kwa asiyejua: kwenye leti kazi ndiyo inayozunguka na kisu kimetulia. Kwenye milingi kisu ndicho kinachozunguka, na kazi imefungwa mezani. Unaisogeza kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Milingi nzuri ni chache kuliko leti, na fundi mwenye nayo analetewa kazi na mafundi wenzake wa mtaa mzima. Ndiyo maana vijana wanazitafuta kwa hamu. Mashine mpya wengi wetu hatuiwezi. Zinazotufikia zimetoka kwenye karakana za viwanda vilivyofungwa, kwenye vyuo vilivyobadilisha vifaa, au zimekuja ndani ya makontena kutoka Ulaya.

Hivi karibuni aliniita kijana niliyemfundisha kazi, ambaye sasa anafungua karakana yake Mbagala. Alikuwa amepata mashine Chang'ombe, kwa mzee mmoja aliyeamua kupumzika. Hela anayo, ila sehemu yake ni mkopo wa vikoba, na mkopo wa vikoba hausubiri mashine ipone. "Dada, ni Bridgeport orijino, siyo kopi," aliniambia, na nikasikia sauti ya mtu ambaye ameshanunua tayari moyoni mwake.

Bridgeport ni mji wa jimbo la Connecticut, Marekani. Huko ndiko Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom walikoitoa mashine yao ya kwanza ya aina hii mwaka 1938: kichwa kinachoweza kulazwa upande, mkono wa juu unaosogea mbele na nyuma juu ya nguzo, na goti linalobeba meza na kupanda na kushuka. Muundo huo ulipendwa mno. Nyingine zilitengenezwa Leicester, Uingereza, na Taiwan na China wametoa kopi nyingi sana za muundo huo. Kwa hiyo jina lina maana yake, nalo limefanya vipuri vipatikane mpaka leo. Lakini jina halikwambii mashine imelelewaje. Mimi nitachukua kopi ya Taiwan iliyokuwa mikononi mwa mtu anayetia oili kila asubuhi, nikaiacha orijino iliyokaa miaka bila kuguswa na oili.

Tulimkuta Mzee ameketi mlangoni. Baada ya shikamoo na kuulizana habari, nilimwomba ruhusa ya kuikagua kwa muda mrefu. Akasema, "Kagua mwanangu, mashine hii sina cha kuificha." Wauzaji wote husema hivyo, lakini huyu alivuta kigoda akakaa pembeni, akajibu kila nilichomuuliza. Hilo nalo lina uzito wake. Muuzaji anayekuharakisha, anayesema kuna mtu mwingine anakuja saa nane na hela mkononi, mwache auze kwa huyo wa saa nane.

Mashine ilikuwa na rangi yake ya kijivu ya tangu zamani, imebanduka sehemu zinazoguswa na mikono. Nilifurahi kuiona hivyo. Rangi mpya si dhambi, lakini nikikuta imeingia mpaka kwenye vichwa vya skrubu na imefunika kibao cha maelezo ya mota, naelewa kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya mnunuzi. Meza ilikuwa na vitobo vitatu vya drili karibu na katikati. Kitobo mezani hakiharibu usahihi wa mashine, ila kinakupa habari za watu waliopita hapo. Nikamuuliza Mzee. Akasema ni wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, miaka ya nyuma, na kwamba baada ya hapo hakumruhusu mwanafunzi kuigusa peke yake. Kutu ilikuwepo kidogo pembeni mwa meza. Kwa mji wa pwani kutu ya juu haikosekani, inaondoka kwa mafuta na jiwe. Kutu ya kuogopa ni ile iliyochimba vishimo kwenye slaidi, pale chuma kinapotelezea chuma, kwa sababu vishimo hivyo hukusanya uchafu na kuugeuza msasa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo kijana wangu nilimrudia mara nyingi njiani kwenye daladala. Beringi zinanunuliwa. Belti, swichi, kontakta na mota vinanunuliwa au kusukwa upya. Hata skrubu ndefu inayosogeza meza na nati yake ya shaba vinaagizwa. Slaidi ikilika haiuzwi dukani. Itabidi meza ifunguliwe, ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine kubwa, kisha ikwanguliwe kwa mkono na mtu anayejua kukwangua, na mtu huyo ukimpata mjini hapa mshukuru Mungu. Gharama yake inaweza kuipita bei ya mashine. Kwa hiyo muda wako mwingi utumie kwenye slaidi, na kelele za beringi zisikutoe huko mapema.

Slaidi hulika zaidi katikati, na sababu yake ni rahisi. Vaisi hufungwa katikati ya meza. Kazi karibu zote za miaka yote zimefanyikia hapo, meza ikienda sentimita chache kushoto na chache kulia. Chuma cha katikati kinapungua, cha kwenye ncha kinabaki karibu kama kilivyotoka kiwandani. Basi kupima uchakavu ni kulinganisha katikati na ncha.

Naanza na mkono mtupu. Nazungusha gurudumu la meza polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, macho nimeyaelekeza pengine ili mkono usikie wenyewe. Mashine ambayo haijalika ina uzito mmoja mwendo mzima. Iliyolika inakuwa nyepesi katikati, halafu inakuwa nzito unapokaribia ncha. Lakini hapa kuna ujanja. Kwenye slaidi kuna kabari ya chuma inayokazwa kwa skrubu ili kuondoa ulegevu, na muuzaji anayejua hulegeza kabari hiyo ili meza iteleze kwa raha kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nilimwomba Mzee bisibisi, nikakaza kabari meza ikiwa katikati mpaka ikawa imeshika vizuri bila kukwama. Kisha nikaipeleka kwenye ncha. Upande wa kulia ilifika mwisho, nzito kidogo. Upande wa kushoto ilianza kugoma ikiwa imebakiza kama upana wa kiganja. Kijana akanitazama usoni. Nikamwambia tusubiri.

Nikatoa geji ya saa, ile yenye sumaku chini. Ukiwa na kifaa kimoja tu cha kwenda nacho kukagua milingi, kiwe hicho. Niliibandika kwenye kichwa cha mashine, ncha yake ikigusa meza, nikaipeleka meza mpaka mwisho wa kulia, kijana akaisukuma kutoka chini kwa kiganja kwenye ile ncha inayoning'inia. Mshale ukaenda milimita 0.04 ukarudi. Kwa mashine ya umri ule ni pazuri. Upande wa kushoto ulikwenda 0.07. Bado si ya kutupa, lakini pande mbili za meza moja zinapokupa majibu tofauti namna hiyo lazima kuna kilichosababisha, na nikataka kukiona.

Jibu lilikuwa kwenye oili. Mashine hizi nyingi zina pampu ndogo ya mkono ubavuni: unavuta, na oili inagawanywa kwa vibomba vyembamba mpaka kwenye kila slaidi na kwenye skrubu. Nilipangusa slaidi zote kwa kitambaa zikakauka, nikavuta pampu, tukangoja, nikavuta tena, kisha nikaisogeza meza. Upande wa kulia ulitoka na utando mpya wa oili, unang'aa. Upande wa kushoto ulitoka mkavu. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa slaidi, kutoka sehemu ambayo haisuguliwi kwenda sehemu inayosuguliwa. Kulia ukucha ulipita. Kushoto ulikwama kidogo, kidogo sana, kwenye kingo ambayo jicho halikuiona. Nikamwonyesha kijana na alama za kukwangua, zile ndogo zilizojipinda kama hilali ambazo kiwandani huzichora makusudi kwenye uso wa slaidi ili zishike oili. Kulia zilikuwepo wazi. Kushoto zilikuwa zimefifia, na kwenye sehemu ya urefu wa kidole hazikuonekana kabisa.

"Kuna mtu alishawahi kutia grisi humu, Mzee?" nikauliza.

Akafikiri. "Kuna fundi nilimwajiri zamani, alikuwa na bomba la grisi anapiga kila mahali."

Ndugu zangu mafundi, naomba hili tulishike. Chuchu za kutilia oili kwenye milingi zinafanana na za grisi za gari, na mkono wa fundi aliyezoea magari unakwenda wenyewe kwenye bomba la grisi. Vibomba vya oili vya mashine hii ni vyembamba sana. Grisi ikiingia inakaa, inakauka, inaziba, na slaidi inaanza kusuguana chuma kwa chuma. Wakati huo mashine inaonekana imetunzwa, kwa kuwa grisi imejaa inatoka pembeni. Mimi nikikuta milingi imejaa grisi kwenye chuchu zake nashusha bei kuliko ningeikuta kavu na chafu, kwa sababu kavu na chafu huenda ilikuwa imelala tu, lakini yenye grisi ilikuwa inafanya kazi huku imezibwa.

Baada ya hapo pleyi ya skrubu, yaani ule mzunguko wa bure kabla meza haijasogea. Unaipima hivi: unasogeza meza upande mmoja mpaka mshale wa geji utikisike, unaandika namba ya kwenye gurudumu, unageuza upande wa pili mpaka mshale utikisike tena, unaangalia umezungusha kiasi gani bure. Skrubu za Bridgeport za inchi zina mizunguko mitano kwa inchi, na gurudumu lake lina alama 200, kila moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Hii ya Mzee ilikuwa ya milimita. Katikati nilipata 0.35, kwenye ncha 0.15. Tofauti hiyo inasema skrubu yenyewe imelika katikati, wala si nati pekee. Nati inaweza kukazwa, lakini ukiikaza mpaka katikati patulie, kwenye ncha itakwama. Pleyi ina athari moja kubwa: ukikata kwa upande ambao kisu kinavuta kazi badala ya kuisukuma, meza inarukia kisu kwa kiasi cha ile pleyi, na kisu kinavunjika au kazi inaharibika. Ndiyo maana tunakata dhidi ya mzunguko wa kisu, na tunakaribia kipimo siku zote kutoka upande mmoja. Vipimio vya dijitali kutoka China vinasaidia kukuonyesha meza iko wapi hasa, ila havizuii meza kuvutwa. Hata hivyo 0.35 inafanya kazi, na skrubu na nati ni vitu vya kununuliwa. Pleyi ikikaribia milimita nzima ndipo ninapoanza kuhesabu skrubu mpya ndani ya bei.

Goti na nguzo nilivipima haraka kidogo: skwea nzito mezani, geji kichwani, nikapandisha goti na kuangalia mshale unavyosogea kwenye ukuta wa skwea. Hapo hapakuwa na neno.

Spindo, ule mhimili unaozungusha kisu, ilikuwa nzuri. Niliingiza ncha ya geji ndani ya tundu la spindo, kwenye uso ule wa mteremko unaoshika koleti (kibano cha kushikia kisu), nikazungusha kwa mkono: 0.01. Nikachukua kipande cha mbao nikaisukumiza spindo juu na chini, mshale haukusema kitu. Kisha kuili, lile bomba linaloshuka na spindo unapotoboa. Nililiteremsha lote, bila kulifunga, nikalisukuma kushoto na kulia. Huu ni ukaguzi ambao wengi wanausahau, na kuili iliyolegea ndani ya kichwa ni ugonjwa ule ule wa slaidi: tundu la kichwa limelika na hakuna duka linalouza tundu. Yake ilicheza kidogo, na ilipofungwa ikatulia.

Ndani ya lile tundu kuna pini ndogo ya kuelekeza koleti. Ilikuwa imekatika, kama zilivyokatika nyingi nilizoziona. Haina madhara, ilimradi kipande kilichokatika hakikuacha mkwaruzo ndani. Muhimu ni aina ya tundu lenyewe. Hii ilikuwa R8, na koleti za R8 zinapatikana kwa urahisi kwa sababu kopi nyingi za Asia zinazitumia. Ukikutana na mashine ya Kijerumani yenye tundu na uzi wa pekee yake, kwa mfano Deckel FP1, mashine yenyewe inaweza kuwa bora kuliko zote ulizowahi kuzishika, lakini uliza koleti zake ziko wapi kabla hujauliza bei.

Tukaiwasha. Tuliipa kasi ya juu tukaiacha izunguke huku tunazungumza na Mzee, halafu nikaweka kiganja kwenye pua ya spindo. Joto la kuvumilika ni sawa. Joto la kukufanya uondoe mkono ni beringi. Sauti ilikuwa moja, bila kukoroma. Kisha tukaizima, tukaiingiza kwenye gia ya mwendo mdogo, tukawasha, na spindo ikazunguka kinyume. Kijana akashtuka, akadhani waya zimegeuzwa. Kwenye vichwa vya aina hii ndivyo inavyokuwa: ukiingia kwenye gia ya chini mzunguko unageuka, na unaurekebisha kwa kugeuza swichi ya mota. Cha kusikiliza hapo ni mlio unaojirudia kwa mpigo, tak, tak, tak, kwa kuwa huo ni wa jino lililovunjika. Haukuwepo.

Kibao cha mota kilisema volti 415, mzunguko wa 50, fezi tatu. Mota ya Kiingereza hiyo. Ingekuwa ya Marekani tungekuta mzunguko wa 60, na kwenye umeme wetu ingezunguka kwa asilimia 83 hivi ya kasi yake; hilo unaweza kuishi nalo, lakini volti usipozisoma vizuri ukaiunga ya 230 kwenye umeme wetu mkubwa, utasikia harufu. Tatizo la kijana lilikuwa jingine: chumba chake cha Mbagala kina fezi moja. Ama aombe fezi tatu TANESCO, ama atumie inveta, kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu. Na kwa inveta inayotoka na volti 230, mota ya 415 iliyofungwa kwa nyota haitatoa nguvu yake mpaka fundi wa kusuka mota aifungue, azitafute ncha tatu zilizounganishwa ndani, azitoe nje, aiunge kwa delta. Kazi hiyo inawezekana na inafanyika, lakini ina bei yake na lazima iingie kwenye hesabu kabla ya kukubaliana. Mota ndogo inayosukuma meza yenyewe ilikuwa ya volti 110. Nikauliza transfoma yake. Mzee akainuka, akaitoa chini ya benchi, nzito, imefungwa kwenye gunia. Usipouliza, vitu kama hivyo vinabaki chini ya benchi.

Alikuwa pia na kichwa cha kugawia, chenye sahani zake zote. Hapo nikamvuta kijana pembeni nikamwambia huyu ndiye atakayekulipia mkopo. Bila kichwa cha kugawia huwezi kuchonga gia. Unazungusha mkono wake mizunguko 40, kazi inazunguka mara moja. Ukitaka meno 20 unakwenda mizunguko miwili kwa kila jino, na meno yasiyogawanyika sawasawa unayapata kwa vitundu vya sahani. Nilikagua pleyi ya gia yake ya ndani ya minyoo (ile yenye uzi kama skrubu), nikahesabu sahani, nikaangalia kama kuna kitundu kilichopanuka. Kilikuwa safi kuliko mashine yenyewe.

Mwisho nikaomba tukate. Siondoki bila kukata, hata kama muuzaji anaona nimezidisha. Tulifunga kipande cha chuma laini kwenye vaisi, tukaingiza kisu cha milimita 16, tukapunguza upande mmoja kwa kina cha milimita mbili, tena kwa mwelekeo wa pili wa meza, kisha tukatoa mfereji. Uso ulitoka mwororo, bila mawimbi. Nikaweka skwea kwenye kona, nikaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni: uwazi mwembamba, ambao nilijua unatokana na kichwa kutosimamishwa wima sawasawa. Hilo ni suala la kulegeza bolti, kuzungusha geji juu ya meza na kukaza tena.

Tukakaa kwenye bei. Mzee alitaka milioni 16. Sikumwambia mashine yake ni mbovu, kwa sababu si mbovu, na mtu aliyeishi na mashine miaka mingi hapendi kusikia ikitukanwa mbele yake. Nilimwonyesha upande wa kushoto. Nilimpa kitambaa apanguse mwenyewe, avute pampu mwenyewe, apitishe ukucha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yule kijana wa grisi." Tukafunga milioni 13 na nusu, pamoja na vaisi, kichwa cha kugawia, koleti na transfoma.

Je, ningemshauri kila mtu ainunue? Hapana. Angekuwa mtengeneza moldi za plastiki, anayetaka usahihi wa sehemu za mia za milimita kutoka ncha hadi ncha ya meza, ningemwambia aiache. Huyu atachonga mifereji ya kii, sproketi, gia za mashine za kukoboa. Kazi ambazo kosa la milimita 0.05 halimfukuzi mteja, na nyingi ni fupi, zinaingia upande wa kulia wa meza ambao bado una uhai mwingi. Atajifunza kufunga vaisi yake kulia kidogo ya pale Mzee alipokuwa akiifunga.

Kuibeba nako kunahitaji akili. Ni karibu tani moja, na uzito wake mwingi uko juu. Siku ya kuihamisha tuliteremsha goti mpaka chini, tukarudisha mkono wa juu nyuma, tukalegeza bolti za kichwa na kukigeuza kikaning'inia kichwachini ili uzito ushuke, kisha tukakaza kila kitu. Mikanda ya kunyanyulia ilipita chini ya mkono wa juu. Vijana wa winchi walitaka kuipitisha chini ya meza, nikakataa, kwa sababu skrubu na slaidi hazikuundwa kubeba mashine nzima. Boliti ndefu ya kuvutia koleti, mikono ya magurudumu na spana zake kijana alivipanga kwenye begi akakaa nalo mbele na dereva. Waya tulizipiga picha na kuzifunga tepu za rangi kabla ya kuzing'oa.

Iko Mbagala sasa, juu ya zege, imesawazishwa kwa livu. Kijana ana mteja anayesubiri gia na ananipigia kila jioni. Nimemwambia mteja asubiri. Kabla ya kukata chochote, meza inafunguliwa na kile kibomba cha oili cha kushoto kinazibuliwa mpaka upande ule utoke umelowa.